Hao Wanakopi Tu



Ukitaka kumnyima raha mpiga gitaa wa bendi ya harusi, huna haja ya kumtukana. Mpitie karibu usiku wakati anakunja nyaya zake, kisha umwambie mwenzako kwa sauti ambayo na yeye ataisikia: "Aa, hao wanakopi tu." Basi, umemmaliza. Umemwambia kwamba yeye na wenzake, wale wazee sita au saba waliovaa mashati ya kufanana, hawakufanya sanaa yoyote usiku ule. Wamerudia tu. Wameazima sauti ya Marijani Rajabu, wameazima gitaa la Mbaraka Mwinshehe, wameziiga tarumbeta za Mlimani Park kwa kinanda, wamelipwa, wamepakia vyombo vyao, wameondoka.

Jioni hii nimekuja kuwatetea. Utetezi uliozoeleka ni kwamba hawa wanatutunzia urithi, na sitausema huo, kwa sababu naona ni utetezi mnyonge. Unawafanya kuwa walinzi wa makumbusho. Mimi nadai kubwa zaidi. Nadai kwamba ule wimbo wa zamani unaoucheza harusini leo, jasho likikutoka na tai umeilegeza, si ule uliorekodiwa mwaka 1975. Umesukwa upya, na waliousuka ni hao hao wanaokopi.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana tunazungumza kana kwamba zamani kulikuwa na watunzi watupu, kukopi kukaja baadaye kama maradhi. Mambo yalikwenda kinyume. Miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kutoa santuri za GV, zilizobeba muziki wa Kuba, nazo zikafika kwenye bandari na miji yetu. Vijana wakazisikiliza kwenye gramafoni, wakazishika kwa sikio bila kujua hata neno moja la Kihispania, wakazipiga dansini. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu mwaka 1932. Baadaye kule Morogoro Salum Abdallah akaongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na hakuna aliyemuuliza Kuba aliifikia lini. Rumba ya watu wengine ilipigwa ikarudiwa, ikarudiwa tena, mpaka siku moja ikawa inazungumza Kiswahili na ina mwendo ambao Havana hawaujui. Huo ndio muziki wa dansi tunaojivunia. Mama yake ni kopi.

Vijana wa miaka ya 1960 nao wakapitia njia ile ile, safari hii kwa soul ya Marekani. Dar es Salaam ilijaa vikundi vya vijana vilivyopiga nyimbo za James Brown na wenzake, mpaka Novemba 1969 wakubwa wa mkoa wakapiga marufuku dansi za soul jijini. Walisema ni utamaduni wa kigeni unaoharibu vijana. Sitaingia kwenye ubishi huo leo. Ninachotaka ukione ni kwamba serikali ya mkoa iliona kukopi ni jambo zito kiasi cha kulitungia amri. Sisi leo tunaliona ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi.

Na kopi mara nyingine humpiku aliyezaa wimbo. Chukua Shauri Yako. Mtaani ukiutaja wimbo huo, jina litakalokujia ni Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliojikita Nairobi. Lakini mwenye wimbo ni Nguashi N'Timbo. Mazembe waliuchukua, wakaupiga kwa namna yao, na leo wa kwao ndio unaoombwa kwenye sherehe kuanzia Kisumu hadi Mbeya. Au waangalie Them Mushrooms wa Mombasa, walioanza mwaka 1972. Wamekula mkate wao miaka mingi kwenye hoteli za pwani, na bendi ya hoteli kazi yake inajulikana: mgeni anaomba, wewe unapiga. Katikati ya kazi hiyo ya kuwaridhisha watalii Teddy Kalanda Harrison akatunga Jambo Bwana, mwaka 1982 ukatoka, na mwaka uliofuata Boney M, kundi lililouza santuri dunia nzima, likautoa kwa namna yake. Bendi ya hoteli ikakopiwa hadi Ulaya! Sijui hapo utasema nani anakopi tu.

Sasa nikupeleke ndani ya wimbo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi wangu.

Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 zina sehemu mbili. Kwanza kuna kisa. Mwendo ni wa pole, waimbaji wanasimulia ubeti kwa ubeti, vyombo vya kupuliza vinaitikia. Kisha wimbo unageuka. Maneno yanapungua, gitaa la solo na second solo yanaanza kufukuzana, tumba zinapanda, watu wanasogeza viti. Wenyewe sehemu hiyo waliiita chemko. Tanzania wakati huo haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ililazimika kuvuka kwenda Nairobi, na zile santuri ndogo zilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo ukakatwa vipande viwili: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Nyumbani ukitaka kucheza, unanyanyuka kwenda kugeuza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi nyingi kwenye studio zake, ilitumia tepu na haikubanwa hivyo. Hata hivyo bendi ilipiga pale kwa mkupuo, ikamaliza, ikapisha nyingine.

Harusini hakuna upande wa pili wa kugeuza, wala hakuna bendi inayosubiri zamu nje ya mlango. Wimbo unapigwa mbele ya watu, na watu wale ndio wanaoamua urefu wake. Kwa hiyo bendi ya sherehe huanza kwa kupunguza kisa. Beti tatu zinakuwa moja, kwani ukumbi mzima unayajua maneno na utayaimba wenyewe. Chemko ndiyo inayorefushwa, dakika nane, dakika kumi, na nitakueleza kwa nini.

Fedha. Unapochezwa wimbo unaogusa, anainuka shangazi, anakwenda mbele akicheza, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Anafuata mjomba, hataki kushindwa. Wanafuata wale kina mama wa sare ya kitenge, kumi kwa mpigo. Kule kutuza hakufanyiki wakati wa kisa. Mtu hamtuzi anayesimulia, anamsikiliza. Kunafanyika kwenye chemko. Kiongozi wa bendi mwenye macho anajua kwamba akikata wimbo wakati bado kuna mtu anafungua pochi, amemkosea mgeni na amejikosea mwenyewe. Ndiyo maana unamwona akizungusha kidole hewani kuwaambia wenzake: tena. Na kila "tena" inamdai mpiga solo kitu kipya, maana hawezi kurudia vipimo vinane vile vile dakika kumi akategemea watu waendelee kucheza. Analazimika kubuni. Anabuni ndani ya tabia ya wimbo ule, asitoke nje ya harufu yake, na anabuni huku amesimama tangu jioni. Wakongo, ambao wao chemko yao ni sebene, wamelifanya jambo hili kuwa biashara iliyo wazi kabisa: unalipia, jina lako linatajwa ndani ya wimbo. Sisi bado tunaona haya kidogo, ingawa mwimbaji wa harusi wa Dar naye atalitaja jina la baba wa bwana harusi mara nne kabla ya keki.

Halafu kuna kuunganisha. Hiki ni kitu ambacho bendi zilizotunga nyimbo hizi hazikukihitaji sana. Bendi kubwa kwenye ukumbi wake, NUTA Jazz au Morogoro Jazz, ilipiga wimbo, ikapumzika, watu wakarudi mezani, ukaanza mwingine. Harusini ukinyamaza sekunde kumi umempa MC nafasi ya kushika kipaza sauti, na MC akishakishika hukipati tena mpaka matangazo ya gari linalozuia njia yaishe. Kwa hiyo bendi hushona nyimbo tatu au nne bila pengo. Mpiga drams anabeba mwendo ule ule, besi inahama taratibu, na mpiga solo anarusha kile kipande cha kuanzia cha wimbo unaofuata juu ya wimbo ambao haujaisha. Ukumbi unakitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Unasikia "aaah!" kutoka meza za nyuma. Nyimbo zile mbili huenda zilitungwa miaka kumi mbalimbali, moja Tabora na nyingine Nairobi, na watunzi wake hawakupata kuonana. Anayejua kwamba zinaoana ni yule mzee aliyesimama nyuma ya gitaa, na hakulisoma jambo hilo popote. Huo kwangu ni utunzi. Kama hutaki kuuita utunzi, tafuta jina lingine, lakini kurudia tu si jina lake.

Na usisahau miili. Walioimba nyimbo zile studio walikuwa vijana. Anayeziimba leo ana mjukuu kidato cha pili. Sauti ile ya juu ameshaiacha njiani, kwa hiyo bendi inashusha kii. Ukishusha kii, zile nyuzi ambazo mpigaji wa kwanza alizipiga wazi hazipo tena mahali pake, na mpiga rhythm inabidi atafute vidole vingine vya kutoa mlio ule ule. Tarumbeta tatu na saksafoni mbili hazibebeki kwenye gari moja, tena nani atawalipa watu watano wa kupuliza? Kinanda kinabeba yote. Hapo ndipo utakapomjua fundi na asiye fundi: fundi anaacha nafasi ya kuvuta pumzi kana kwamba kinanda kina mapafu.

Utauliza bendi hizi zilifikaje harusini. Zamani mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mshahara ulikuwepo, vyombo vilikuwepo, ingawa ukihama unaliacha gitaa. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ukafunguliwa, mashirika yakaanza kuhesabu gharama, na bendi ni gharama inayoonekana kwa mbali. Disko nalo likaingia kumbini, kisha ikaja Bongo Fleva ya kompyuta. Wengine waliacha muziki. Wengine walishikilia kumbi zao, na Msondo, iliyotokana na NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ni mashahidi. Na wengine waligundua kwamba wale vijana waliokuwa wakicheza kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo sasa ni wazazi wanaooza watoto, wana kamati, wana michango, na wanataka kusikia kitu wanachokijua.

Kilimanjaro Band, Wananjenje, ni mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu. Chimbuko lao ni Tanga, miaka ya 1970; kabla ya jina hili waliitwa The Revolutions. Wana nyimbo zao wenyewe, Kinyaunyau mojawapo, lakini sifa yao kwenye hafla ni kwamba wanaweza kuanza na pop ya Kizungu wakati wa chakula, wakahamia rumba ya Kongo, wakaangukia kwenye dansi la nyumbani, na hakuna meza itakayojiona imesahauliwa. Marehemu King Kiki na Wazee Sugu wake alikuwa wa aina nyingine: yeye alikuwa amebeba nyimbo zake mwenyewe. Lakini Kitambaa Cheupe umemzidi mwenyewe. Bendi yoyote ikiuanza, watu watanyanyua leso, na asiye na leso atanyakua tishu mezani. Sasa kama mwenye wimbo hayupo na ukumbi mzima umeinua mikono, hapo hao walioupiga wamekopi, au wameongoza ibada?

Kuna jambo moja linanichekesha kila mara. Nyimbo tunazozichagua kwa ajili ya ndoa, nyingi zina visa vya kutisha ndoa. Sina Makosa wa Les Wanyika, ule ambao hakuna sherehe ya Kenya inayoisha bila kupigwa, ni kisa cha wanaume wawili wenye wake nyumbani wanaogombania mwanamke wa tatu. Na bibi harusi yuko katikati anaucheza na baba mkwe! Shida wa Mbaraka nao jina lake linatosha. Hapa ndipo uzoefu wa bendi unapofanya kazi ambayo haionekani. Wanajua ni kisa gani watu wameshakisamehe kwa sababu ya utamu wa gitaa, na ni kipi bado kinauma. Mlimani Park wana kibao chao Talaka Rejea, kitamu ajabu, lakini bendi yenye akili haikianzishi mbele ya maharusi waliofunga ndoa saa nane mchana. Kompyuta ya DJ ingekichagua, maana inachojua ni kwamba kinapendwa.

DJ ni rahisi, sikatai. Anakuja na kompyuta, spika mbili na kijana mmoja wa kubeba. Ana nyimbo zote ulizowahi kuzisikia na rekodi yenyewe ya asili. Kamati ikifika mwisho wa bajeti bendi ndiyo inayofutwa, sitamlaumu mwenyekiti. Lakini rekodi haioni. Haimwoni bibi wa miaka themanini aliyeanza kunyanyuka kwenye kiti, anayehitaji dakika mbili kufika uwanjani. Bendi inamwona. Inapunguza sauti, inazungusha, inamsubiri, na akifika mwimbaji anamwinamia na chemko inafunguliwa. Nimeona ukumbi mzima ukisimama kwa ajili ya jambo kama hilo.

Kuna upande ambao siwatetei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake inapopigwa hadharani. Kama harusi ya wageni mia nne ni hadharani au ni mambo ya familia, nawaachia wanasheria. Ninachojua ni kwamba bendi inalipwa, ukumbi unalipwa, mpishi analipwa, mpiga video analipwa, na wajane wa watunzi wengi wa nyimbo zile wanausikia wimbo wa marehemu mtaa wa pili tu, basi. Nyimbo nyingi tunazijua kwa jina la bendi, aliyekaa akaandika kisa hicho hatumjui. Bendi zingeweza angalau kumtaja. Kipaza sauti wanacho, na baba wa bwana harusi ameshatajwa mara nne.

Siku hizi kwenye orodha zao zimeanza kuingia nyimbo za Bongo Fleva za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliocheza nyimbo hizo shuleni sasa wanaoa, wengine wanaoa mara ya pili. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilitengenezwa kwa kompyuta, hazikuwahi kuwa na gitaa la rhythm wala second solo. Lady Jaydee aliliona mapema, akaunda Machozi Band azipige kwa vyombo. Bendi za harusi nazo inabidi zibuni vyombo ambavyo havikuwepo: mpiga besi anatunga besi, solo anatafuta pa kupita, na mwisho kabisa wanaongeza kitu ambacho wimbo wa asili hauna, chemko. Mtoto wa miaka sita anayecheza hapo pembeni na puto mkononi ataujua wimbo ule hivyo.

Basi kama uko kwenye kamati ya harusi na mmeamua kuchukua bendi, nina ombi dogo la kiutendaji. Wanafika saa tisa alasiri kufunga vyombo na kupima sauti. Kadi yenu inasema saa kumi na mbili, maharusi wataingia saa tatu, hotuba zitakula saa nzima, na ukumbi unafungwa saa sita. Msiwape dakika arobaini za mwisho mkategemea maajabu. Kateni hotuba mbili. Chakula chao kipakuliwe mapema, kwa sahani kama za wageni wengine, wasingojee kilichobaki kwenye masufuria. Na malizio ya malipo yawe kwenye bahasha kabla ya wimbo wa kwanza, kwa sababu mweka hazina wa kamati ana kawaida ya kutoonekana ifikapo saa sita kasorobo.